Ujenzi wa Miji na Haki za Wakaao Humo

Kijana mmoja wa Ifakara, ambaye bado anaichunguza Islam na hajajiunga na Jumuiya yetu, alinijia siku moja baada ya sala ya Alasiri akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Sheikh, ninyi mwafundisha kwamba dini yenu ina mwongozo kwa kila jambo la maisha. Nyumba ya baba yangu imepigwa alama nyekundu ya X, ibomolewe ili barabara ipanuliwe. Barabara itawafaa maelfu ya watu. Nyumba ya baba yatufaa watu saba tu. Je, baba akihuzunika, anatenda dhambi? Na wanaoibomoa, je, wao wanatenda dhambi?"

Nilimwomba anipe siku chache. Nilipokuwa nikifikiri, niliona kwamba swali lake si lake peke yake. Ni swali la kila mji unaokua, nami nimeona vema kumjibu hapa, ili wengine wenye swali kama hilo wapate kunufaika.

Kwanza tukiri neema za Mwenyezi Mungu, maana asiyeshukuru hawezi kulalamika kwa haki. Wazee wa Bonde la Kilombero wakumbuka jinsi mto ulivyoligawa bonde hili sehemu mbili. Mgonjwa wa Ulanga aliyepelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara alifika kwanza ukingoni mwa mto, naye alipaswa kungoja kivuko. Maji yakijaa, safari ilisimama. Mwezi Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama katika mto huo. Leo pale pana daraja lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa mwezi Mei 2018 na kupewa jina la Magufuli. Tena barabara ya kutoka Kidatu hadi Ifakara, karibu kilometa 67, ambayo masika iliigeuza kuwa bahari ya matope na kiangazi kuwa wingu la vumbi, sasa ina lami, nayo ilizinduliwa mwaka 2024.

Na kabla ya hayo yote ilikuja reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu mwaka 1970 hadi 1975, urefu wake kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Reli hiyo ilipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba, ikapasua milima kuelekea Makambako. Watu wengi wa Tanzania, Zambia na China waliifanyia kazi, na baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto hata leo.

Sisi Waahmadiyya hatuvitazami vyombo hivi kama mambo ya dunia tu. Kurani Tukufu katika Sura At-Takwir (81:5) ilitabiri wakati ambapo ngamia wenye mimba, waliokuwa mali ya thamani kuliko zote kwa Mwarabu, wangeachwa. Mtume Mtukufu s.a.w. pia alitoa habari ya zama ambazo ngamia hawatatumiwa tena kwa safari. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alieleza kwamba bishara hiyo ilitimia kwa kuvumbuliwa reli na vyombo vipya vya kusafiria, na kwamba mataifa yaliyotengana yanakutanishwa ili ujumbe mmoja uwafikie wote. Basi tusiwe watu wa kuchukia reli na madaraja. Ni ishara miongoni mwa ishara.

Hata hivyo, ishara ya Mungu haimwondolei mwanadamu wajibu wake. Mvua nayo ni rehema, lakini anayeelekeza maji ya paa lake kwenye nyumba ya jirani amefanya dhuluma kwa kutumia rehema. Na hapa ndipo swali la yule kijana linapoanza.

Tazama mambo yanayofuata ujenzi katika mji kama Ifakara. Barabara ikiinuliwa kwa tuta, nyumba zilizo kando yake hubaki bondeni, na ikiwa makalavati ni machache au yameziba, maji ya masika hukaa uani mwa watu. Mto Lumemo ulipofurika mwaka 2024 na maji kuingia mitaani, kila mtu aliona thamani ya mfereji ambao jana aliudharau. Vumbi la magari ya kifusi huingia katika vifua vya watoto kwa miezi mingi. Bei ya viwanja hupanda, na mpangaji maskini husukumwa mbali na mji ulioanza kupendeza. Na wale waliokuwa wakiuza samaki, wali na chai kwa abiria waliongoja kivuko, daraja lilipofunguliwa wateja wao walipita juu yao bila kusimama. Hakuna aliyewachukia, lakini riziki yao iliondoka pamoja na foleni.

Pengine mtu atasema: "Hayo ni lazima. Hakuna maendeleo yasiyo na maumivu. Faida ya wengi hushinda hasara ya wachache." Maneno haya yana ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kuliko uongo mzima, maana uongo mzima hujulikana upesi. Ni kweli kwamba mtu mmoja asiweze kuwazuilia maelfu njia. Lakini je, yafuata kwamba haki yake imekufa? Faida ya wengi ni sababu ya kumwomba mtu apishe. Haiwezi kuwa sababu ya kumnyang'anya. Tena wale wengi wanaopata faida ndio wenye uwezo wa kuibeba hasara yake wakagawana, kila mmoja kidogo kidogo. Wakikataa kufanya hivyo, wamechagua faida yao ilipwe na yule aliye dhaifu kuliko wote.

Ndugu msomaji, tutazame jengo la kwanza la hadhara katika mji wa Kiislamu. Mtume Mtukufu s.a.w. alipofika Madina alitaka kujenga msikiti. Mahali palipochaguliwa palikuwa uwanja wa kukaushia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Aliwaita akauliza bei yake. Wakajibu kwamba wanautoa bure. Mtume s.a.w. alikataa kuupokea bure, bali aliununua, kisha yeye mwenyewe akabeba matofali pamoja na masahaba zake.

Nilipokuwa nikisoma Jamia ng'ambo, mwalimu wetu wa hadithi alituuliza: "Kwa nini alikataa? Je, kutoa sadaka ni vibaya?" Tulijibu kila mtu lake. Ndipo akatuambia tufikiri hali ya wale watoto. Mbele yao amesimama Mtume wa Mungu, mji mzima umemzunguka kwa furaha, naye anaulizia uwanja wao kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Mtoto yatima angewezaje kusema hapana? Ndiyo ya mnyonge mbele ya mkubwa haijulikani kama imetoka moyoni au imetoka katika hofu na haya. Kwa hiyo Mtume s.a.w. aliondoa shaka kwa kulipa.

Somo hili lina uzito mkubwa. Ikiwa msikiti wa Mtume haukuruhusiwa kusimama juu ya ridhaa yenye shaka, ni stendi gani, soko gani, au barabara gani itakayoruhusiwa? Na mkutano ambamo wanakijiji wameinua mikono mbele ya wakubwa bado hautoshi kuthibitisha kwamba mioyo yao imeinuka pia.

Mfano wa pili ni wa Khalifa Umar r.a. Wanahistoria wasimulia kwamba alipotaka kuupanua msikiti huohuo kwa kuwa watu wamekuwa wengi, nyumba ya Abbas r.a., ami yake Mtume, ilikuwa njiani. Umar alimtaka auze, au apewe nyumba mahali pengine, au aitoe sadaka. Abbas alikataa yote matatu. Khalifa, ambaye majeshi yake yalikuwa yakizishinda dola kubwa, hakutuma watu wa kubomoa. Wote wawili walikwenda kwa Ubayy bin Kaab r.a. awaamue, naye akaamua dhidi ya Khalifa. Umar alitii. Ndipo Abbas, baada ya haki yake kukubaliwa, akaitoa nyumba kwa hiari yake kwa ajili ya Waislamu. Angalia mpango wa mambo haya: kwanza haki ilikubaliwa, kisha ukarimu ukaja. Mara nyingi sisi twataka ukarimu wa mnyonge kabla hatujamkubalia haki yake, kisha akisita twamwita adui wa maendeleo.

Katika nchi yetu sheria nayo imekaribia mafundisho haya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka kwamba mtu anayetwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa haraka. Yafaa kuyapima maneno hayo matatu. Fidia inayolipwa baada ya miaka mingi, bei ya saruji na mabati ikiwa imekwisha kupanda, huenda ikawa kamili katika karatasi, lakini haijengi tena chumba kile kilichobomolewa. Mwenye deni anayechelewesha malipo hali anao uwezo, Mtume s.a.w. amemhesabu kuwa mdhalimu.

Lakini haki ni mizani yenye vitanga viwili, na Mwislamu asitazame kimoja tu. Nilimwuliza yule kijana nyumba ya baba yake iko umbali gani kutoka katikati ya barabara. Akasema nyumba yenyewe iko mita 25, nayo ilijengwa mwaka 1994. Lakini mbele yake wana kibanda cha duka kilicho mita 18. Hapa mambo yalidhihirika. Kwa barabara kuu na za mikoa, hifadhi ya zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hadi mita 30. Basi nyumba haikuifuata barabara. Ni hifadhi iliyoifuata nyumba, na mwenye nyumba anastahili fidia yake. Lakini kibanda kiliifuata barabara.

Mtume s.a.w. alionya kwamba mwenye kutwaa hata shibiri moja ya ardhi isiyo yake, atavikwa shingoni ardhi hiyo kutoka tabaka saba siku ya Kiyama. Twapenda kuisoma hadithi hii tukimwelekezea kidole mkubwa aliyepora shamba. Lakini njia ni mali ya wote, ya mjane, ya kipofu, ya mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anayekimbizwa hospitali usiku. Anayeinyemelea njia kwa kibanda au kwa rundo la mchanga, amewanyang'anya hao wote, ingawa kila mmoja kidogo. Tena Kurani Tukufu (2:189) imetukataza kula mali zetu sisi kwa sisi kwa batili na kuzipeleka kwa wenye mamlaka ili tule sehemu ya mali ya watu. Basi anayempa mthamini chochote ili kibanda kihesabiwe kuwa nyumba, na mthamini anayekipokea, wote wawili wameingia katika katazo hilo.

Sasa tuje kwenye nia ya mjenzi. Kurani Tukufu yatusimulia majengo ya namna mbalimbali, nayo haiyasifu kwa ukubwa wake. Watu wa Ad walilaumiwa kwa kujenga minara juu ya kila mahali palipoinuka kwa ajili ya upuuzi na fahari (26:129-130). Hata msikiti ulilaumiwa, pale uliposimamishwa ili kuwadhuru waumini na kuwafarakanisha (9:107). Kwa upande mwingine, mtumishi wa Mungu aliyesafiri na Musa a.s. aliusimamisha ukuta uliokaribia kuanguka, bila ujira, kwa sababu chini yake palikuwa na hazina ya mayatima (18:78, 83). Naye Dhul-Qarnain alipojenga boma, aliyasikiliza kwanza malalamiko ya wenyeji, akakataa mali waliyomtolea, akawaomba nguvu za mikono yao tu (18:95-96). Basi jengo hupimwa kwa jibu la maswali haya: Limemlinda nani? Limemdhuru nani? Mwalimu Julius Nyerere naye, katika andiko lake la mwaka 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, alifafanua kwamba barabara na majengo ni vyombo tu vya maendeleo, na kwamba maendeleo yenyewe ni ya watu.

Ndugu msomaji, hapa yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe, nisije nikawa kama kibatari kinachowaangazia wengine chenyewe kikiungua. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha bonde hili, tulijenga nyumba ya sala kwa Wakari Amali, yaani kazi ya kujitolea ambayo ni desturi ya Jumuiya yetu. Tulichimba udongo wa matofali nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mjane, ambaye si Mwislamu. Tulimwomba, naye alisema: "Chimbeni tu, wanangu." Jengo likaisha, tukafanya dua, tukagawa pilau. Shimo tukaliacha.

Masika ilipokuja shimo lilijaa maji. Bonde la Kilombero ni mahali ambapo wataalamu wamechunguza mbu na malaria tangu miaka ya 1950, kazi ambayo leo yaendelezwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara, na kila mtoto wa shule hapa ajua kwamba maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu. Nasi tulijua. Siku moja nilipita nikamkuta bibi amempakata mjukuu wake mwenye homa kali, ametoka naye zahanati. Nilimpa pole. Akanijibu kwa upole: "Ahsante, mwanangu. Lile shimo lenu bado lipo." Hakusema neno zaidi. Sijui kama mbu aliyemwuma mtoto yule alitoka katika shimo letu, na Mungu pekee ndiye ajuaye. Lakini nilijua kwamba tulikuwa tumejenga nyumba ya kumwabudia Mungu kwa udongo wa mjane, na malipo tuliyomwachia ni shimo. Jumamosi iliyofuata tulilifukia. Nalikuwa nimeisoma mara nyingi hadithi isemayo kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Siku ile ndipo nilipoisoma kwa jembe.

Nimeyasimulia haya ili tusidhani kwamba dhuluma ya ujenzi hutoka kwa makampuni na wakubwa pekee. Kila anayeziba mfereji apate nafasi ya ukuta wake ni mjenzi mdhalimu wa kadiri yake. Mtume s.a.w. alitoa mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipokuwa wakipanda juu kuteka maji, waliona wanawasumbua wenzao, wakafikiri kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Watu wa Kilombero, walioona kivuko kikizama, hawahitaji kuelezwa maana ya mfano huu. Mji ni jahazi. Mfereji ulioziba Viwanja Sitini hauulizi dini ya mtu kabla ya kumwingizia maji nyumbani.

Basi ni kipimo gani tukishike? Kurani Tukufu (16:91) yaamuru mambo matatu kwa daraja: uadilifu, kisha hisani, kisha kutoa kama mtu atoavyo kwa jamaa yake wa damu. Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika hotuba yake mashuhuri juu ya falsafa ya mafundisho ya Islam iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, alizieleza daraja hizi tatu kwa ufasaha mkubwa. Tuzitumie katika jambo letu. Uadilifu ni kumlipa mtu fidia yake kamili kabla tingatinga halijafika. Hisani ni kumpa zaidi ya anachoweza kudai: taarifa mapema, muda wa kuvuna mihogo yake, gari la kumhamishia mabati yake, mahali pa biashara kwa yule mama aliyekuwa akiuza chai ukingoni mwa mto. Na daraja ya tatu ni kumfikiria kama mama yako mzazi, ambaye usingengoja akuombe. Mhandisi anayeuliza, "Maji haya yatakwenda kwa nani?" kana kwamba nyumba ile ya bondeni ni ya mama yake, yeye amefika daraja ya tatu, hata kama hakuna atakayejua.

Yule kijana aliporudi nilimjibu hivi: "Baba yako akihuzunika hatendi dhambi, Mtume s.a.w. mwenyewe aliihuzunikia Makka alipoiacha. Wanaobomoa hawatendi dhambi ikiwa wamelipa haki yake. Wakibomoa bila kulipa, wametenda dhambi, hata kama barabara ni nzuri. Adai fidia yake kwa barua, kwa ushahidi, na kwa njia za sheria, bila fujo na bila matusi, maana Islam haituruhusu kuleta fasadi katika nchi. Subira si kunyamaza. Subira ni kutotoka katika haki unapoidai haki."

Akaniuliza, "Na kibanda, Sheikh?"

Nikamwambia, "Kibanda, mwanangu, akibomoe kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajaambiwa."

Alikaa kimya muda mrefu, kwa kuwa kibanda kile ndicho kilichomlipia ada ya shule. Baada ya wiki mbili nilipita pale. Kibanda hakikuwapo, mbao zilikuwa zimepangwa vizuri ukutani. Fidia ya nyumba ilikuwa bado haijalipwa. Mzee alikuwa ameketi barazani na faili la karatasi zake mapajani, akasema: "Sheikh, mimi nimekwisha toa haki ya njia. Sasa naingoja njia itoe haki yangu."

Ndugu msomaji, maneno ya mzee yule ndiyo muhtasari wa makala hii. Nabii Ibrahim a.s. alipoinua misingi ya Kaaba pamoja na mwanawe Ismail, hakujivunia mawe; alimwomba Mola wake aikubali kazi yao (2:128). Kila anayejenga, awe ni serikali, kampuni, au mtu mwenye chumba kimoja cha tofali za udongo, ajiulize kama jengo lake laweza kuombewa dua hiyo. Mwenyezi Mungu aijalie miji yetu majengo yasiyo na kilio chini ya misingi yake, na atuwezeshe kutoa haki za wengine kabla hatujadai za kwetu. Amin.